Mji Usio na Tukio: Mingoyo na Ushairi wa Kiswahili

Msomaji wa visiwani akitajiwa Mnazi Mmoja, fikra zake huenda kwenye uwanja ule wa Unguja ulio baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, au kwenye hospitali iliyo kando yake. Msomaji wa Dar es Salaam hukumbuka bustani zilizo njiani kuelekea Kariakoo. Iko Mnazi Mmoja ya tatu, ambayo haina sifa hizo na ambayo aghalabu hujulikana na wasafiri tu. Hiyo iko kusini mwa mji wa Lindi, katika eneo la Mingoyo, pale barabara itokayo Lindi inapogawanyika: mkono mmoja ukashika njia ya Mtwara, na mwingine ukapanda bara kwenda Masasi na Nachingwea. Abiria hushuka hapo, hununua korosho au kipande cha samaki wa kukaanga, hupanda gari jingine na kuondoka.

Katika nyaraka za ujenzi wa barabara, jina la Mingoyo limo. Barabara kuu ya kusini huandikwa Mtwara–Mingoyo–Masasi, na mji huo ukawa ni neno lililokaa baina ya vistari viwili. Katika diwani za mashairi, si rahisi kulikuta hata hivyo. Hali hiyo yastahili kuulizwa, kwa sababu ushairi wa Kiswahili si ushairi unaoona haya kuitaja miji. Lamu, Pate, Siyu, Mombasa, Unguja, Kilwa, Bagamoyo: yote imetajwa, ikasifiwa, ikaliliwa na ikakejeliwa. Basi ni kitu gani kinachoufanya ushairi huo hodari upate taabu mbele ya mji mdogo wa watu wa kazi za mikono: wakwezi, wavuvi, wabangua korosho, mafundi wa baiskeli, wachukuzi wa maghalani, madereva na utingo wao?

Jibu jepesi ni kusema kwamba katika mji kama huo hapana la kuandikwa. Jibu hilo si kweli, na historia ya mahali penyewe yalikataa.

Mingoyo iko karibu na mwisho wa ule mkono wa bahari unaoingia bara kutoka Lindi, mahali Mto Lukuledi unapomwaga maji yake katikati ya mikoko. Ardhi inayouzunguka mkono huo wa bahari imepitiwa na kazi nzito kwa zaidi ya miaka 100. Wajerumani walianzisha mashamba makubwa, na mkonge ukaendelea wakati wa Waingereza, ukilimwa na wenyeji pamoja na Wamakonde na Wamakua waliovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kibarua. Kati ya mwaka 1909 na 1913, katika nchi iliyo nyuma ya Lindi, mamia ya vibarua walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale huko Tendaguru, na wachukuzi wakaibeba kwa miguu hadi pwani. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwenda Berlin, ambako mifupa hiyo imesimamishwa katika jumba la makumbusho na kutazamwa na watu wa dunia nzima.

Kisha ukaja mpango wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga kwa mashine kubwa huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ili kuifikia Nachingwea, gati lilijengwa Mkwaya, jirani na Mingoyo, na reli ikatandazwa kutoka hapo kupanda bara. Reli ilifika Nachingwea mwaka 1949. Mnamo Januari 1951 mpango wenyewe ukaachwa, baada ya kumeza pauni milioni 36 za Waingereza. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954, shughuli za meli zikahamia huko, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Mkonge wa Tanganyika, uliofikia zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka hiyo ya 1960, ukaporomoka baadaye pale kamba za nailoni zilipochukua soko la dunia. Zikaja korosho. Viwanda vikubwa vya kubangua vilijengwa katika mikoa ya kusini, vikiwemo vya Lindi, Mtama na Nachingwea. Vingi vilifanya kazi muda mfupi vikasimama, na korosho zikaendelea kusafirishwa zikiwa ghafi.

Kwa hiyo mahali hapa hapakukosa mambo. Ilipita mifupa ya kwenda Berlin, ikapita reli ya pauni milioni kadhaa, ikapita katani ya kufunga mizigo ya dunia. Lakini angalia kitenzi kinachojirudia: kupita. Kila kikubwa kilichofika hapa kilikuwa safarini, na watu wa hapa walikuwa ni mabega yaliyokibeba. Ushairi uliofundishwa kutafuta tukio hulifuata tukio linakokwenda. Haubaki na mabega.

Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kuingia, maana kasoro hii haitokani na dharau ya mtunzi mmoja. Imo ndani ya desturi ya utungo.

Chukua mfano ulio mkubwa kuliko yote. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa wakati Pate ilipokuwa imeanguka au inaanguka, ni utenzi wa mji. Mtunzi anauonyesha moyo wake majumba yaliyokuwa na taa, mazulia na vyombo vya kigeni, kisha anayaonyesha yakiwa makazi ya popo na wadudu. Nguvu ya utenzi huo inatoka kwenye umbali uliopo baina ya hali mbili: fahari iliyokuwa na uharibifu uliopo. Ondoa fahari, na uharibifu hauna kilio. Ndiyo maana watunzi wengi waliofuata, walipotaka kuulilia mji, walitafuta kwanza magofu. Kilwa inayo magofu, na kwa hiyo ina mahali pake katika fikra za ushairi. Mingoyo haikuwa na kasri, wala haikuanguka. Palipokuwa na gati pameota mikoko, na watu wanaendelea kuvua pale pale. Kigezo cha Al-Inkishafi hakiwezi kuupima mji huu, kwa sababu ni mji ambao haukupata kuwa juu ili uonekane umeshuka.

Kipo kigezo cha pili, nacho ni cha vita. Lindi yenyewe imetoa utenzi unaostahili kusomwa zaidi kuliko unavyosomwa: Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mkazi wa mji huo, uliochapishwa na Wajerumani mwaka 1933 na kutolewa tena mwaka 1957 chini ya uhariri wa Whiteley. Thamani yake ni kubwa, kwani mtunzi aliishi katika nchi anayoisimulia na anawajua watu wake. Vijiji vya bara ya Lindi vinatokea katika utenzi huo. Lakini vinatokea wakati vita vinapovifikia, na vita vikishapita, jicho la mtunzi nalo linapita. Hilo si kosa lake. Utenzi wa vita ni utenzi wa mwendo. Beti zake fupi za mizani nane zinamsukuma msimulizi mbele, na kina cha mwisho kinachorudi kila ubeti kinamfunga asisimame.

Hata tamthilia imefuata njia hiyo. Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hii ya kusini, alipoandika Kinjeketile mwaka 1969, aliifungua kwa wanawake wawili, Bi Kitunda na Bi Bobali, wanaozungumza juu ya njaa na juu ya wanaume waliokwenda kutumikishwa shambani. Onyesho hilo ni fupi na halina shujaa. Hapo pana maisha yenyewe ya watu wa kazi: chakula kilichobaki, jirani anayekuja kuomba, uchovu wa mume usiosemwa. Baadaye maji yanafika, na historia inachukua jukwaa. Msomaji anayerudi kwenye tamthilia hiyo baada ya miaka mingi huweza kushangaa kwamba anachokikumbuka zaidi si hotuba za vita, bali ni mazungumzo ya wale wanawake wawili. Katika kazi iliyo bora kabisa ya kusini, mji wa kila siku ulipewa kurasa chache za mwanzo, kisha ukaombwa usogee pembeni.

Kuna utungo mmoja wa jirani unaoonekana kuivunja desturi hii. Swifa ya Nguvumali ya Hasani bin Ismail, iliyotolewa na Peter Lienhardt mwaka 1968, ni kisa cha wilaya ya Kilwa katika zama za mwisho za Waingereza: mauaji yanayodhaniwa kuwa ya kichawi, polisi, na mganga mashuhuri anayeitwa kuwafichua wahusika. Ndani yake hamna masultani wala mashujaa wa vita. Mna wanakijiji, askari, wazee na hofu yao. Lugha yake inakaribia mazungumzo, na msikilizaji wa Kilwa aliyeimbiwa bila shaka aliwajua watu wa namna hiyo. Utungo huu unathibitisha kwamba utenzi una uwezo wa kuingia nyumba ya makuti na kukaa. Hata hivyo, mlango ulioufungulia ni maiti. Kama asingeuawa mtu, kijiji hicho kisingeimbwa.

Hapa ndipo kiini cha jambo. Utenzi, kwa umbo lake na kwa mazoea yake, unahitaji tukio. Mji mdogo wa watu wa kazi una mambo mengi, lakini hauna tukio, una marudio. Maji ya bamvua hurudi kila nusu ya mwezi, yakafuatwa na maji mafu. Mkwezi huurudia mnazi ule ule. Mikorosho hupuliziwa salfa katikati ya mwaka, ikavunwa kuanzia Oktoba, na katika miezi hiyo mabibo huokotwa na uraka ukanywewa. Basi la asubuhi hufika saa yake au hukawia. Mtu aliyeishi humo miaka 40, akiulizwa kumetokea nini, atasema hakuna. Hilo halina maana kwamba hakuishi.

Ikiwa ndivyo, umbo linaloufaa mji huu limekuwepo muda wote, na watunzi wamekuwa nalo mikononi. Ni shairi la beti zenye kibwagizo, lile ambalo Sheikh Amri Abedi aliliwekea kanuni zake katika kitabu cha mwaka 1954. Katika tarbia, mstari wa nne waweza kurudi kila ubeti bila kubadilika hata silabi. Lakini kila urudipo huwa umebebeshwa mistari mitatu mipya, na kwa hiyo maana yake inaongezeka au inapinduka. Kibwagizo kilichosomwa kama furaha katika ubeti wa kwanza chaweza kusomwa kama msiba katika ubeti wa saba, nacho hakikuguswa. Hakuna umbo jingine katika ushairi wa Kiswahili linaloweza kuonyesha kwa ustadi namna hiyo jinsi kitu kile kile kinavyomkuta mtu mwingine. Wahakiki wengine hukiita kibwagizo kituo, na kwa Mnazi Mmoja neno hilo linafaa kwa maana zake zote mbili: gari lile lile husimama pale pale, na waliosimama wakilingoja si wale wa mwaka jana.

Na kweli mashairi hayo yalitungwa kwa maelfu. Tangu Mambo Leo lianze kutolewa Januari 1923, na baadaye katika magazeti kama Ngurumo, Uhuru na Mfanyakazi, kurasa za mashairi zilijazwa na makarani, walimu, askari, mafundi na wakulima kutoka miji midogo ya nchi nzima. Hawa walikuwa ndio watu wenyewe wa miji hiyo. Ilikuwa desturi mtunzi kuweka chini ya shairi jina lake na mahali aishipo. Yeyote atakayezipitia kurasa hizo ataona ramani nzima ya Tanganyika chini ya mashairi. Ndani ya mashairi, ramani hiyo ni adimu zaidi. Mji uligeuzwa kuwa anwani.

Kilichotokea ni kwamba kibwagizo, ambacho kingeweza kubeba marudio ya maisha, kilikabidhiwa mawaidha. Mtunzi alipofika mstari wa nne alijisikia ana wajibu wa kufundisha: dunia haina wema, elimu ni mwanga, kazi ni uhai, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mawaidha si aibu. Ushairi wa pwani umelelewa nayo, na wasomaji wanayapenda. Lakini mawaidha hayana mahali. Yanafaa Lindi kama yanavyofaa Bukoba. Mtunzi aliyekaa kando ya mkono wa bahari, akisikia mlio wa mashine ya katani tangu alfajiri, aliandika kwamba kazi ni uhai, akaufuta mlio huo. Akajiunga na watunzi wa nchi nzima kwa kuuacha mlango wa nyumba yake. Wahariri walimpongeza, kwani shairi lake lilieleweka kila mahali.

Wale walioasi kanuni hizo hawakuuokoa mji mdogo pia. Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, ilileta shairi lisilofungwa na vina na mizani, na kwa hiyo ilileta uhuru wa kutazama. Mengi katika kitabu hicho yanatoka vijijini na ziwani, kwa jicho kali. Lakini anayetazama ni mtu aliyekwisha kuondoka: msomi aliye peke yake, anayerudi na maswali ya falsafa ambayo wenzake wa nyumbani hawayaulizi kwa namna hiyo. Upweke huo ndio uliompa nguvu, na hakuna haja ya kumdai kingine. Wafuasi wake ndio wa kuulizwa. Wengi walidhani kwamba ili kuandika mji mdogo kwa ukweli ni lazima kwanza kuuona ukiwa mtupu. Kwa hiyo katika ushairi wa kimapokeo mji wa kazi ulipotelea ndani ya mawaidha, na katika ushairi huria ukapotelea ndani ya uchovu wa mtazamaji.

Msomaji anaweza kusema kwamba hili ni shauri dogo. Hasara ni nini ikiwa Mingoyo haimo katika diwani?

Hasara ya kwanza ni ya lugha. Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu aliiona mapema. Katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, alizipanga katika beti kazi za kuunda jahazi na majina ya sehemu zake. Katika Umbuji wa Mnazi, wa mwaka 1985, akafanya hivyo kwa mti wa mnazi na manufaa yake. Wako waliozikosoa tungo hizo kwamba zinakaribia kuwa kamusi, kwa kuwa mkazo wake uko kwenye maneno kuliko kwenye maisha ya mtu mmoja mmoja. Lakini kamusi hiyo ilitungwa wakati mafundi wa majahazi walikuwa wanapungua, na leo inasomwa kwa shukrani. Nani aliyeufanyia hivyo mkonge? Maneno yake yalijulikana na kila mtu wa mashambani: manamba, yule kibarua wa mkataba aliyeitwa kwa namba yake, kipande, ile kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, korona, kinu kilichokamua majani yakabaki nyuzi. Mashamba mengi yalipokufa, maneno hayo yalibaki vinywani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Neno korona limekwisha kupewa maana nyingine kabisa tangu mwaka 2020, na kijana wa leo akilisikia hatafikiri kinu. Korosho nazo zina msamiati wake, kuanzia kubangua hadi kangomba, ule ununuzi wa magendo unaomkuta mkulima katika shida kabla ya msimu. Neno kama kangomba lina tamthilia nzima ndani yake: mkopeshaji, mkopaji, kipimo cha hila, na mtoto anayetakiwa shule. Halihitaji kupambwa. Linahitaji mtunzi anayelijua.

Hasara ya pili ni ya heshima, na hapa visiwa vina ushahidi wa karibu. Ng'ambo ya Unguja ilikuwa mtaa wa watu wa kazi, na jina lake lilitolewa na waliokuwa upande mwingine. Kama hesabu ingeachwa kwa washairi wa kasri, Ng'ambo ingebaki kuwa ng'ambo ya pahala pengine. Lakini alikuwepo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, na walikuwepo wenzake, ambao katika miaka ya 1920 na 1930 waliimba juu ya watu waliojulikana mtaani, kesi zilizoamuliwa mahakamani na dhuluma zilizotajwa kwa majina ya waliozitenda. Nyimbo hizo zilikuwa na mafumbo, lakini msikilizaji wa Ng'ambo alijua ni nyumba ipi inayosemwa. Kwa sababu hiyo mtaa huo una kumbukumbu yake wenyewe, na mwanahistoria akitaka kujua watu wake walifikiri nini, anayo mahali pa kusikiliza. Vivyo hivyo Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyekuwa mvuvi, baharia na mchukuzi kabla na wakati wa kuwa mshairi, alithibitisha katika Kimbunga, mwaka 1994, kwamba mtu wa kazi za mikono hahitaji kusemewa. Hata yeye, lakini, katika shairi linaloupa mkusanyo jina lake aliuingia mji wa Siyu kwa mlango wa dhoruba.

Mingoyo haikupata Siti wake, au tuseme kwa uangalifu zaidi: haikupata santuri wala mchapishaji. Maana lazima pingamizi moja lisikilizwe. Miji ya kusini haikukaa kimya. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua wana ngoma zao, na nyimbo za jando na unyago, zifanywazo baada ya mavuno, hutaja kazi, ndoa, deni na jirani kwa uwazi ambao kurasa za magazeti hazikuuruhusu. Anayedai kwamba mji mdogo haukuimbwa huenda anakiri tu kwamba yeye hakualikwa. Pingamizi hili ni la haki, na linaugeuza lawama kutoka kwa watunzi kwenda kwa wahakiki, ambao wamezoea kuita ushairi kile kilichokwisha kufungwa katika jalada. Lakini halimalizi jambo. Wimbo wa unyago una siri yake na wakati wake. Haukutungwa ili umweleze mgeni maisha ya mji. Kuutegemea peke yake ni kuwapa wanawake wa sherehe mzigo ambao diwani imeukataa.

Liko pingamizi la pili, zito zaidi: kwamba kuuandika mji mtulivu ni kuupamba. Msafiri anayekaa saa moja Mnazi Mmoja huona minazi, watoto na maji ya mkono wa bahari yakimetameta, akasema hapa ndipo penye raha. Shairi la msafiri huyo lipo tayari katika kila lugha, na halina haja ya kuongezwa. Hapa Kiswahili kinamsaidia mtunzi mwangalifu, kwa kuwa kinatofautisha utulivu na ukimya. Utulivu ni wa watu: ni adabu ya kuishi karibu bila kugombana, ni salamu isiyoharakishwa, ni mzee anayejua kwamba gari litakuja. Ukimya waweza kuwa ni wa mashine iliyosimama. Mji ambao reli yake iling'olewa na ambao kiwanda cha jirani kimegeuzwa ghala una vyote viwili, na vimekaa pamoja kiasi kwamba mgeni havitenganishi. Kazi ya shairi ni kuvitenganisha bila kukidharau kimoja. Anayesifu utulivu akasahau ukimya amewadanganya vijana wanaopanda basi kwenda Dar es Salaam. Anayelia ukimya akasahau utulivu amewadhulumu wazee waliochagua kubaki.

Kwa hiyo shairi la Mingoyo, likitungwa, halitalazimika kuwa la aina mpya. Litaweza kuwa tarbia ya mizani 16, yenye vina vya kati na vya mwisho, ambayo mlinzi mkali wa kanuni ataikubali. Tofauti itakuwa katika mstari wa nne. Badala ya mawaidha, mstari huo utakuwa na jambo dogo la pale pale linalorudi: maji yanayojaa, deni la duka, utingo anayeita abiria, korosho zilizoanikwa. Beti zitapita juu yake na watu wake: mchukuzi, mjane, mwalimu mgeni anayehesabu miezi ya uhamisho, mvuvi mwenye mjukuu anayesoma Lindi mjini. Hakuna atakayekufa kwa ajili ya shairi, na hakuna atakayefundishwa. Msomaji ndiye atakayegundua, mstari ule unaporudi mara ya mwisho, kwamba umekuwa mzito kuliko ulivyokuwa mwanzo.

Wahariri wa kurasa za ushairi wanayo sehemu yao katika hili. Kwa miaka mingi swali lao kwa mtunzi wa mbali limekuwa ni kama vina vyake vimekaa sawa. Wangeweza kuongeza la pili, la kuulizwa kwa upole na kwa barua hiyo hiyo: jina hili la mji uliloliandika chini ya shairi lako, mbona halikupanda juu?